Msinidakie Neno

Asubuhi ile nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Kifuu kikaniponyoka. Nikainama kukiokota, mkono wa kulia ukagoma. Nikamwita binti wa kaka yangu, lakini kilichonitoka kinywani hakikuwa jina lake, wala hakikuwa neno. Ndicho kiharusi hicho. Nilikuwa na miaka 47, na riziki yangu ilikuwa sauti: jukwaani na kwenye michezo ya redio.

Niliporuhusiwa kutoka hospitali, majirani zangu wa Tanga hawakunitupa. Walikuja na uji, matunda na pole nyingi. Nikianza tu, "Ma…", huyu anadakia "Maji!", yule "Mafuta!", na bilauri inanifikia kabla sijaiona silabi ya pili. Walinipenda, na mapenzi yale yakazidi kunifanya bubu.

Binti wa kaka ni mwalimu wa Kiingereza. Jioni moja alikuwa na kitabu cha watoto cha Roald Dahl, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni ya mafuta, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. "Shangazi," akasema, "mkewe alikuwa mwigizaji kama wewe. Na yalimpata haya haya."

Mke huyo ni Patricia Neal. Alizaliwa mwaka 1926 kwenye kambi ya wachimba makaa ya mawe huko Kentucky, Marekani, akakulia Knoxville, Tennessee. Mwaka 1947, akiwa na miaka 21, alipata Tony kwa mchezo wa Broadway, katika mwaka wa kwanza wa tuzo hizo. Mwaka 1964 akatwaa Oscar kwa filamu ya Hud, aliyocheza na Paul Newman.

Lakini sifa hizo zilimkuta na majonzi. Mwaka 1960 mwanawe mchanga aligongwa na teksi New York, akiwa kwenye kigari chake, akaumia kichwa vibaya. Mwaka 1962 bintiye mkubwa, Olivia, alifariki kwa surua akiwa na miaka 7. Februari 1965, Neal akiwa na miaka 39 na mjamzito, mishipa ikampasuka kichwani. Alilala wiki tatu bila fahamu, hata gazeti moja likatangaza kuwa amekufa. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yamemtoka. Agosti akajifungua mtoto wa kike, salama.

Mumewe alimrudisha nyumbani kwao Great Missenden, Uingereza, akawapanga majirani waje kwa zamu, kila siku, kumsomesha upya: kusoma, kuhesabu, kutaja vitu. Alichokitaka hakupewa mpaka akiite kwa jina. Wapo waliomwona mume yule katili, na Neal mwenyewe alimkasirikia. Mwaka 1968 alirudi kwenye filamu ya The Subject Was Roses, akateuliwa tena kuwania Oscar.

Nililia usiku kucha. Asubuhi nikamwonyesha binti wa kaka kwa ishara, akaandika karatasi na kuibandika mlangoni: "Msinidakie neno." Wengine walinuna. Bibi wa nyumba ya pili hakununa. Alikuja kila alasiri na kikapu, akitoa kitu kimoja kimoja. "Mwanangu, hiki nini?" Mwiko. Kawa. Kitana. Siku nyingine nilikuwa namtupia hivyo vitu. Neno la kwanza kunitoka zima lilikuwa "chumvi", kwa sababu mchuzi ulikuwa chapwa na nilikuwa na hasira. Bibi alipiga vigelegele mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Si kila kitu kilirudi. Ndoa ya Neal ilivunjika mwaka 1983, japo aliishi hadi 2010, akafikisha miaka 84, na Knoxville kuna kituo cha kuwafunza upya wagonjwa wa kiharusi chenye jina lake. Mimi mkono wangu bado hauwezi kukuna nazi. Lakini, alhamdulillah, nimerudi redioni, kwa nafasi fupi na karatasi ya maandishi makubwa.

Wasikilizaji wanausifu ukimya wangu katikati ya sentensi, wakidhani ni ustadi. Ni mimi hapo natafuta neno, na studio nzima inaningoja.