Mali Bila Daftari

Wichita, Kansas



Wiki hii simu yangu imejaa picha za ndege. Mpwa wangu wa Arusha kasikia kwamba Marekani ndege ndogo iliyotumika inaweza kupatikana kwa bei ya Land Cruiser mpya. Kaingia mtandaoni, kachagua, kanitumia: "Mjomba, hii nyeupe yenye mistari myekundu, rangi bado inang'aa. Tuchukulie, tubebe watalii." Mdogo wake kaleta ya bluu. Shemeji kauliza kama viti ni vya ngozi. Nimesoma ujumbe wote, wa maandishi na wa sauti, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: madaftari yake yapo? Nimekereka. Nawaandikia ndugu zangu nyote wa nyumbani, si wao peke yao, kwa sababu nawajua. Wengi wenu mngeanza na rangi vilevile.

Mji ninaoishi ndio chimbuko la ndege hizi. Clyde Cessna, mkulima wa hapahapa Kansas, alianzisha kampuni yake mwaka 1927. Ile Cessna 172 mnayonitumia picha zake, yenye mabawa juu, viti vinne na injini moja, ilianza kutoka kiwandani mwaka 1956, na mpaka leo zimeundwa zaidi ya 44,000. Hakuna aina nyingine ya ndege duniani iliyoundwa kwa wingi huo. Kiwanda kiliacha kuziunda mwaka 1986, kikarudi kuziunda mwaka 1996, kwa hiyo zilizojaa sokoni ni za miaka ya 1960 na 1970. Dola 60,000 hadi zaidi ya 100,000, kutegemea hali yake. Ndege yenye umri wa babu inapaa kila asubuhi na mwanafunzi wa miaka kumi na saba ndani, na mama yake amesimama kwenye uzio anampungia mkono bila wasiwasi.

Mama huyo hana wasiwasi kwa sababu ya madaftari.

Ndege hapa kwa kawaida ina daftari la bodi, daftari la injini na daftari la propela. Fundi akibadilisha tairi, anaandika tarehe, kazi aliyofanya, jina lake, namba ya cheti chake, na sahihi. Akiandika uongo, cheti kinachukuliwa. Madaftari hayo ni mali ya ndege: ikiuzwa, yanakwenda nayo. Ndege iliyopoteza madaftari inashuka bei vibaya hata kama imepakwa rangi jana, na wanunuzi wengine hawataki hata kuisogelea.

Yetu ni ya mwaka 1974. Tumeinunua kwa ubia, mimi, mwalimu wa hesabu na mkulima wa ngano. Kununua kwa ubia ni jambo la kawaida hapa kwa watu wa mishahara ya kawaida. Tulimlipa fundi wetu wenyewe aje kuikagua, asiyejuana na muuzaji. Muuzaji akaleta boksi la madaftari, akaliweka juu ya meza ya chuma karibu na mlango wa banda. Fundi akavuta kiti, akasoma. Asubuhi nzima alisoma, hakugusa hata skrubu moja. Kurasa za kwanza zilikuwa na wino uliofifia ukawa kama chai ya rangi, mwandiko wa mtu wa 1974 aliyefunga plagi mpya akaeleza ni za aina gani. Fundi wa 2024 anaongea na fundi wa 1974, na wanaelewana. Palipokuwa na pengo la miaka miwili bila mstari hata mmoja, akaweka kidole pale, akamtazama muuzaji, akauliza: "Ilikuwa wapi?"

Hilo ndilo swali la maana kwenye ununuzi wa ndege. Ndege isiyoruka inaoza. Kwenye injini za Lycoming, zilizofungwa kwenye 172 nyingi tangu 1968, shafti ya kemu imekaa juu. Injini ikilala muda mrefu, oili yote inateremka chini, unyevu unabaki juu na kutu inaanza. Kiwanda kinashauri injini ya namna hiyo ifunguliwe na kufanyiwa ukarabati mkubwa baada ya saa 2,000 za kazi, au miaka 12, lolote litakalotangulia. Sasa nyumbani dalali akitaka kukumaliza kabisa anakwambia nini? "Bosi, injini haijaguswa!" Nanyi mnafurahi, mnaongeza na hela ya soda. Hapa ukimwambia mtu injini ya 1974 haijaguswa, anachukua kofia yake anaondoka. Anataka iliyoguswa, na anataka kujua nani kaigusa, lini, na alikuta nini.

Baada ya kusoma ndipo fundi alipofungua vifuniko chini ya mabawa na kumulika kwa tochi na kioo kidogo, akitafuta kutu na viota vya panya. Panya wanapenda mno kulala ndani ya bawa, na mkojo wao unakula alumini. Akakata filta ya oili, akaikunjua karatasi yake kama kanga, akapitisha sumaku kutafuta chembe za chuma. Kisha akapima silinda. Kila moja inajazwa hewa hadi 80 kwenye geji ya kwanza, na geji ya pili inaonyesha imebakiza ngapi. Tatu zilibakiza zaidi ya 75. Ya nne ikasimama kwenye 64. Fundi akainama, akatega sikio kwenye bomba la ekzosi. Hewa ikisikika hapo, valvu ya kutolea moshi haifungi sawasawa. Ikisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikisikika kwenye mdomo wa kutilia oili, ringi za pistoni zimechoka. Yetu ilivuma kwenye ekzosi. Akaandika, muuzaji akasoma, bei ikapunguzwa kwa gharama ya silinda ile. Hapakuwa na kelele wala kuapa kwa jina la Mungu. Namba ilikuwa kwenye karatasi.

Nyumbani nakumbuka tunavyonunua gari. Tunaenda yadi na binamu anayejua magari. Binamu anagonga bonati, anapiga moto, anasikiliza kwa jicho moja limefumbwa, anasema "ngoma iko poa." Kilomita zimerudishwa nyuma, kila mtu anajua zimerudishwa, na bado tunazisoma kwa heshima. Binamu zetu nawapenda, na wana masikio makali kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi hapa. Lakini sikio halikwambii breki zilifungwa mwaka gani.

Hata kuongeza vifaa ni habari ya kuandika. Tulitaka redio mpya. Tulihitaji pia kile kifaa cha kutangaza ndege ilipo kila sekunde, ambacho tangu Januari 1, 2020 ni lazima kwenye anga la miji mikubwa na maeneo mengi mengine yanayodhibitiwa. Tuliongeza kifaa cha kung'amua gesi ya sumu ya ekzosi, maana hita ya ndege hizi inapata joto lake kwenye bomba la moshi, na bomba likipasuka gesi isiyo na rangi wala harufu inaingia kwa rubani. Redio ya zamani ilipong'olewa ilipimwa uzito, mpya ikapimwa, na fundi akaandika upya hesabu ya uzito wa ndege nzima na mahali uzito huo ulipoegemea. Nilimuuliza kwa nini asumbuke na kilo mbili tatu. Akasema kilo mbili tatu za kila fundi kwa miaka hamsini ni abiria mmoja.

Na hapo konda wa daladala anisikilize. Ndege yetu isizidi kilo 1,043 inapoondoka ardhini. Ondoa uzito wake yenyewe, ondoa matangi yakijaa, kinachobaki kama kilo 300. Viti ni vinne, lakini watu wazima wanne wenye miili ya kwetu, waliokula pilau, hawatoshi humo na mafuta yamejaa. Ama mmoja abaki, ama mafuta yapungue. Huwezi kumwambia mtu "sogea nyuma, nafasi ipo." Kukiwa na joto na kiwanja kiko juu ya mlima, hata kilo hizo hazibebeki zote. Arusha ni juu, Nairobi ni juu zaidi. Hesabu inafanywa kwa kalamu kabla ya kuwasha injini.

Kuruka kwenyewe ni raha nisiyoweza kuificha. Siku ya hali ya hewa nzuri hapa huombi kibali cha mtu kuruka kutoka kiwanja kidogo. Viwanja vingi havina mnara wa waongozaji. Unatangaza mwenyewe kwenye redio uko wapi na unakwenda wapi, na wenzako wanatangaza vilevile. Chini barabara za Kansas zimekatwa miraba, maili moja kwa maili moja, na ngano ya Juni imekuwa ya dhahabu mpaka upeo wa macho. Aprili wafugaji wa Flint Hills huchoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yaote, moshi unapanda, na moyo wangu unarudi nyumbani, kwenye nyika ya Handeni kabla ya masika. Ukishuka kwenye kiwanja cha kijiji unakuta pampu ya mafuta inayojihudumia kwa kadi, na pengine gari kuukuu la kuazima uende mjini kula. Ufunguo uko kwenye msumari. Kando yake, daftari: andika jina, saa uliyoondoka, maili.

Kabla ya kupaa nakinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo kutoka chini ya kila tangi. Avgas ni ya bluu. Maji yakiwemo yanakaa chini yakiwa meupe. Kisha nasoma orodha ya ukaguzi, mstari kwa mstari. Mwalimu aliyenifundisha amezeeka kwenye kazi hii, na bado anaisoma kwa sauti. Ndege hizi zina agizo la usalama la tangu 1987 kuhusu reli za viti: zikilika, kiti kinateleza nyuma wakati ndege inapanda, rubani anavuta usukani bila kutaka, na ndege inaanguka. Kwa hiyo reli zinapimwa kila mwaka na kuandikwa. Sheria nyingi za anga zimeandikwa baada ya watu kufa, na waliobaki wakakubali kuandika.

Msiniambie huo ni utamaduni wa Wazungu. Nendeni kiwanja cha ndege cha Kisongo Arusha, nendeni Wilson pale Nairobi, mtakuta mafundi wetu, waliokula ugali kama sisi, wanaandika na kutia sahihi kila nati wanayoigusa, miaka na miaka. Wanaweza kwa sababu Mamlaka ya Usafiri wa Anga inawadai karatasi. Halafu vukeni uzio. Basi lenye abiria sitini linatoka stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, alfajiri kwenda Mwanza. Muulize dereva breki zilibadilishwa lini. "Juzijuzi hapa." Na nani? "Yupo fundi mmoja." Alifunga vipuri gani? Kimya. Tunazika watu, tunalaumu mwendo kasi na shetani, na hakuna anayedai kuonyeshwa daftari. Kwenye kila duka la mtaani kwetu pameandikwa ukutani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sukari na unga tumeviandikia daftari. Roho za watu hatujaziandikia. Hili linaniuma, na nitalisema kila barua mpaka mniambie mmechoka, kisha nitalisema tena.

Sasa kwa wale wenye nia ya kweli ya kununua. Kwanza, tumeni picha za kila ukurasa wa madaftari matatu. Picha za rangi wekeni pembeni. Mlipeni fundi asiye wa muuzaji. Ombeni faili la ndege kutoka Oklahoma City, kwenye sajili ya taifa. Linaonyesha kama kuna benki inayoidai na matengenezo makubwa iliyofanyiwa. Fedha zipitie kwa wakala wa amana, msimtumie muuzaji mkononi. Usajili wa Marekani ada yake ni dola 5 tu, lakini ni wa raia na wakazi wa kudumu. Ninyi mtaifuta kwenye sajili ya hapa, mpate cheti cha usafirishaji, kisha msajili kwa herufi za 5H, au 5Y kwa walio Kenya. Cessna 172 haivuki Atlantiki moja kwa moja kwa matangi yake. Itafunguliwa mabawa isafiri kwenye kontena, na kila bawa likirudishwa, fundi aandike. Ulizeni mapema avgas inapatikana kiwanja gani karibu nanyi na kwa bei gani, kwa sababu zile ndege za Caravan za Zanzibar zinatumia mafuta ya jeti na hazitawasaidia. Tengeni fedha ya ukaguzi wa kila mwaka kabla ya kutenga ya mafuta. Bima iulizeni kabla ya kulipa, si baada.

Na watalii, hapana. Leseni ya rubani binafsi haimruhusu kubeba mtu kwa malipo, hapa wala huko. Kubeba abiria wa kulipa kunataka rubani wa biashara na cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka, pamoja na ofisi, mafundi na makaratasi yanayojaza kabati zima. Mkiwa tayari kwa kabati hilo, niandikieni. Nitakaa na madaftari yenu usiku kucha.