Saa nane ya kompyuta nusura imfunge mtu

Ukipita dukani kwetu jioni ukanikuta natia sahihi kwenye kauntabuku la dada wa kaunta, usidhani kuna posa. Ni adhabu yangu ile.

Shangazi yangu ana duka la vitenge na mashuka Kariakoo, na mimi ndiye karani wake wa mahesabu. Tulikuwa na programu ya kuendeshea duka: mauzo, stoo, madeni, vyote humo. Ila ukitaka jibu ambalo fundi hakuliandalia ripoti, umpigie simu, na fundi naye ana nauli yake. Mwaka 2024 ikaja nyongeza ya akili mnemba. Unaiandikia Kiswahili cha kawaida tu, kama unamtumia rafiki meseji: "Kitenge gani kimelala stoo miezi mitatu?" Hujameza mate, jibu hilo! Shangazi akawa anamwita "huyo mtu wako wa humo ndani."

Kinachofanyika ni kwamba maneno yako yanageuzwa kuwa amri za SQL, lugha iliyoanzia kwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM miaka ya 1970. Amri hiyo ndiyo inayokwenda kuchota tarakimu, kisha unarudishiwa kwa maneno matamu. Wala wazo si la juzi. Miaka hiyohiyo Marekani walikuwa na programu iitwayo LUNAR, wanajiolojia wakiiuliza kwa Kiingereza habari za mawe yaliyoletwa kutoka mwezini. Ile ilijua mawe tu. Hii yetu inajifanya inajua kila kitu, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanzia.

Jumamosi moja Shangazi aliona droo nyepesi. Fedha za asubuhi huzichukua mwenyewe zamu zikibadilishana, kwa hiyo zilizobaki ni za jioni, zamu ya dada mmoja mpole wa Mbagala, mama wa mtoto mchanga. "Hebu muulize mtu wako," Shangazi akaniambia. Nikaandika: "Zamu ya jioni, kuanzia saa nane mpaka saa mbili usiku, imeuza shilingi ngapi?"

Jibu: 1,840,000.

Tukahesabu droo, tukajumlisha na zilizoingia kwa simu. 615,000.

"Mwanangu, milioni na laki mbili na ushee ziko wapi?" Shangazi aliuliza taratibu, na akisema taratibu ujue mambo yameharibika. Dada akakitazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, si unanijua?"

Jamani, mwenzenu sikujibu. Mwaka mzima tumekula mihogo kwenye sahani moja, na siku hiyo niliiamini mashine. Akapewa mpaka Jumatatu: alete fedha au twende kituoni. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Usingizi haukuja. Alfajiri ya Jumapili nikafungua risiti moja moja. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya 08:12, mashuka mawili. Mashuka hayo niliyauza mimi! Saa hizo dada alikuwa bado kwao Mbagala. (Wote tunaingilia kwa namba moja ya siri, ndiyo maana risiti hazisemi nani kauza. Uzembe wetu huo.)

Nikaiambia mashine initolee amri iliyoitumia. Loh! Ilichota kuanzia 08:00 ya Jumamosi hadi 02:00 ya Jumapili. Saa nane yetu ya mchana, ambayo ni 14:00, yenyewe ilisoma nane ya kizungu. Saa mbili usiku, yaani 20:00, ikaifanya usiku wa manane. Mauzo ya siku nzima, na ya zamu yangu mwenyewe yamo, yote kabebeshwa dada. Nikauliza upya kwa 14:00 hadi 20:00. 615,000, haikupungua hata mia.

Kilichoniuma ni kwamba mtoto yeyote wa Kariakoo ukimtajia saa nane bila maelezo atakuuliza, "Ya mchana au ya usiku?" Mashine haikuuliza. Ilijibu kwa heshima zote, na koma zake kwenye tarakimu.

Shangazi nilipomwonyesha hakusema neno. Alivaa baibui, akafunga sukari na doti ya khanga, tukapanda daladala la Mbagala. Dada alitupokea mlangoni, mtoto mgongoni. Shangazi akaomba radhi, na mimi nikaomba yangu, sauti haitoki vizuri.

"Nimekusamehe, Shangazi, nitarudi," alisema. "Ila huyu atakuwa ananisainia."

Basi ndiyo hivyo. Mashine bado tunaiuliza, maana kwa habari za stoo haina mpinzani, ila siku hizi saa naiandikia kwa tarakimu zake, na kabla ya kutazama jumla natazama amri na risiti ya kwanza. Dada naye anaandika mauzo yake kwa mkono, moja moja, na tukifunga ananisogezea kauntabuku.

Juzi nilitia sahihi haraka nikataka kukimbilia gari. Akanirudishia kalamu.

"Kaka, hujaandika saa."

Nikaandika: saa mbili na robo usiku.