Nakala ya Tatu

"Jaduong', kwa nini mlitoa fotokopi zote hizi? Si mngepakua tu?"

Aliyeuliza ni kijana aliyemaliza chuo juzi, anayejitolea katika shirika moja la haki hapa Homa Bay. Alikuwa amekuja kutafuta makaratasi ya zamani ya madiwani, nami nilikuwa nimemtolea katoni iliyokaa chini ya kitanda tangu enzi hizo. Nilitaka kucheka, nikajikuta nimekasirika. Kupakua kutoka wapi, nyathina? Wakati huo hata orodha ya miradi ya choo cha soko ilifungiwa kabatini, na ukiiomba unatajiwa Sheria ya Siri za Serikali ya 1968, kana kwamba choo kile kilijengwa kwa ajili ya vita.

Ofisi zote za wilaya ya Nyanza Kusini zilikuwa hapa Homa Bay. Mtu wa Muhuru, wa Kehancha au wa Rongo akitaka kuona faili alipanda matatu hadi huku, kupitia Rodi Kopany, na alipofika aliambiwa karani amekwenda kula. Hata baada ya Migori kupewa wilaya yake, mazoea hayo hayakuisha upesi. Kanisa nalo lilituunganisha. Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililoundwa 1993, linashika pande zote mbili, na wengi wetu tuliojifunza kuuliza habari za pesa za umma tulijifunzia kwenye semina za Haki na Amani, katika kumbi za parokia, kwa chai ya maziwa na viazi vitamu.

Lakini kazi yenyewe ilifanyika katika duka la fotokopi.

Duka lilikuwa chumba kimoja cha mabati kwenye njia ya kuteremkia gatini. Mwenyewe alikuwa karani wa chapa aliyestaafu, mtu aliyepiga barua za kesi za mashamba tangu sisi tuko shule ya msingi. Kando yake waliketi akina mama wa omena, samaki wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, na upepo wa ziwa uliisukuma harufu yote ndani. Humo ilikutana na harufu ya wino wa poda uliochomwa na ya mafuta ya taa. Karatasi ilitoka mashineni ikiwa moto kiganjani, kingo zimejikunja, na ilikuwa imeshika omena. Siku moja karani wa baraza alipokea barua yetu, akaisogeza puani kabla ya kuisoma, akasema, "Hii imetoka kwa mzee wa gatini." Uso ulimbadilika. Alijua kuna nyingine zimebaki.

Mzee alikuwa na kanuni zake. Hakukopesha, hata padri. Hakusoma ulicholeta mbele yako, ingawa ukishaondoka alikuwa anakijua tarakimu kwa tarakimu. Stima ikipotea hakurudisha pesa. Alikupa nafasi kwenye benchi. Na kwa kuwa stima ilipotea karibu kila siku, hapo ndipo ulipokutana na mwalimu kutoka Mbita, mkulima wa miwa kutoka Awendo ambaye malipo yake hayajaonekana, na mjane kutoka Ndhiwa, kila mmoja na bahasha yake kwapani. Vikundi kadhaa vya kufuatilia pesa za umma ninavyovijua vilizaliwa kwenye benchi hilo, watu wakingoja stima.

Ukileta barua ya kushtaki ofisi yoyote, alikuuliza swali moja: ya tatu itakaa kwa nani? Ya kwanza ilikwenda ofisini. Ya pili iligongwa muhuri wa kupokewa ukarudi nayo. Ya tatu ilitakiwa ikae kwa mtu ambaye hakutia sahihi wala si ndugu yako: katekista, mwalimu, mweka hazina wa kikundi cha wanawake. Mzee alikuwa ameishi na ofisi za serikali kiasi cha kutosha kujua kinachompata mtu aliyetia sahihi. Hutishwa, au huitwa kwa chai, au mwanawe hupata kazi ghafla. Akinyamaza yeye, awepo mwingine anayelijua jambo, na mwenye kosa ajue kwamba yupo, asijue ni nani.

Mambo yalikolea zilipokuja pesa za LATF, mfuko wa serikali za mitaa. Sheria yake ilipitishwa 1998: asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima igawiwe mabaraza ya madiwani. Muda mfupi baadaye mabaraza yakatakiwa kuwa na mpango wa LASDAP, yaani miradi iliyochaguliwa na wananchi wenyewe katika mikutano ya wadi. Mikutano mingine ilifanyika kwenye karatasi tu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza palikuwa na orodha ambayo serikali yenyewe ilikiri ni yetu.

Kuna kisa kimoja cha kisima, nacho nakiweka 2002. Muhuri kwenye nakala umefifia, mwisho unaweza kuusoma 2 au 1. CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ilikuwa bado, hilo nina hakika nalo, kwa sababu hakuna aliyemtaja mbunge, na ile sheria ni ya 2003. Tuuache mwaka. Orodha ilisema kisima kimechimbwa na kulipiwa katika kijiji kimoja upande wa Nyatike. Mwalimu mmoja akaisoma kwa Kijaluo nje ya kanisa, watu wametoka misa. Alipofika kwenye mstari wa kisima, wanawake wakaanza kucheka. Hakukuwa na bango wala kelele. Walicheka mpaka mwalimu akashindwa kuendelea, na diwani alikuwa papo hapo na suti yake ya Jumapili. Haukupita muda mwanakandarasi akafika na mitambo. Maji yalitoka yana chumvi, lakini yalitoka. Hakuna aliyefungwa, na sisi tulihesabu hayo kuwa ushindi.

Mnamo 2007 tukasikia kwamba shirika la haki za binadamu la MUHURI kule Mombasa limebeba makaratasi ya CDF hadi kwenye miradi yenyewe huko Changamwe, mbinu iliyokomazwa na wanavijiji wa Rajasthan, India, na kwamba inaitwa ukaguzi wa kijamii. Tulipomweleza mzee alisema vizuri, sasa kazi imepata jina, bado fulana.

Fulana zikaja. Zikaja pia semina za hotelini, kalamu zenye nembo, na vikundi vyenye katiba na akaunti ya benki lakini visivyo na mwanachama anayejua njia ya kwenda Nyatike. Sisemi wote. Wapo waliolala ndani kwa sababu ya kuuliza dawa za hospitali zimekwenda wapi, na hao ninawavulia kofia.

Kuanzia 2013 naharakisha, mengi mnayajua. Tukapata kaunti mbili, kila moja na wadi 40. Sheria zikajaa mezani: Kifungu cha 35 cha Katiba, jukwaa la bajeti ambamo raia wana viti, kisha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa ofisa siku 21 za kujibu na kumkataza kutoza zaidi ya gharama halisi ya kutoa nakala. Mzee angekiandika kipengele hicho ukutani kwa rangi. Alikuwa ameshatuacha, mashine imeuzwa vipuri, na chumba kile sasa ni cha M-Pesa.

Kinachonikera ni vikao vya maoni ya wananchi. Hema linasimamishwa, viti vya plastiki vinapangwa, na kitabu cha bajeti kinafika asubuhi hiyohiyo, kizito kama jiwe la kusagia, kwa Kiingereza. Ofisa anakipitia mbio, soda zinagawiwa, watu wanapanga foleni kutia sahihi ya nauli. Orodha hiyo ya nauli ndiyo hubebwa kuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Na aliyeongoza maandamano mwaka jana unamsikia redioni mwaka huu akiitetea bajeti ileile, ana cheo.

Habari za gavana wa kwanza wa Migori na mashtaka ya ufisadi ya 2020 magazeti yaliziandika vya kutosha. Neno langu ni moja tu: kesi kubwa za namna hiyo hushuka kutoka kwa wapelelezi wa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na zikikwama huko juu, kijijini hakuna wa kuzikwamua. Kisima kilianza na waliokuwa na kiu.

Siwadharau vijana. Wanaomba mafaili kwa ujasiri ambao kizazi changu hakikuwa nao, na yule mjane wa Ndhiwa, pamoja na nakala zake zote, hakupata haki yake. Leo ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kila kaunti iko mtandaoni. Za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka. Zinatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanabonyeza kidole gumba, na kila mmoja anaamini mwenzake amesoma. Kila mtu anayo nakala, hakuna aliyekabidhiwa. Mwizi wa kaunti haogopi faili lililo kwenye simu elfu moja. Humwogopa mtu mmoja aliyeketi na ukurasa wa wadi yake, anayejua zahanati iliyotajwa humo ina milango mingapi. Na mswada wa kuwalinda wafichuaji umekuwa ukienda na kurudi bungeni miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo sababu ya mzee ya kutaka nakala ya tatu haijapitwa na wakati hata kidogo.

Ifikapo tarehe 1 Septemba kila mwaka, kaunti hutakiwa kufikisha kwenye bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata. Hapo pesa hazijagawanywa na ahadi bado ni mbichi. Ndiyo karatasi iliyo rahisi kuibana. Nimeshauri shirika moja lichape kurasa za wadi moja tu, lizisome kwa Kijaluo siku ya soko, kisha limtafute mtu wa kuziweka asiye rafiki wa mkurugenzi wala wa MCA, mwakilishi wa wadi. Nikajibiwa kwamba shughuli hiyo haina fungu la bajeti. Kuchapa ukurasa mjini Homa Bay ni shilingi kumi.