Kupanga Vitu Katika Chumba cha Kupanga

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Unapanga chumba kwa mwenye nyumba, kisha unapanga vitu ndani yake. La kwanza tunalijadili sana: kodi, umeme, maji, choo. La pili tunaliacha lijipange lenyewe. Leo tuzungumzie hilo la pili.

Huenda ukajiuliza afisa ugani ana habari gani na vitanda na makabati. Wengi wenu mnaokuja senta msimu wa mauzo, na vijana wenu mnaowafungulia biashara ya nafaka, mnaishi katika chumba kimoja. Humo mnalala, humo mnapika mvua ikinyesha, na humo mnaweka mahindi, karanga au maharage. Mkiniita nikague nafaka, najikuta nakagua chumba cha kulala. Mimi mwenyewe niliishi katika chumba cha namna hiyo miaka minne, kwenye kituo changu cha kwanza cha kazi, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaishi.

Pima kabla ya kununua

Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Kitanda cha 5 kwa 6 kinakula 30. Kochi la watu watatu, urefu futi 6 na kina futi 3, linakula 18. Mlango wa futi 3 unaofungukia ndani unataka futi 9 ambazo huwezi kuweka kitu. Jumla 57, na bado hujaingiza gunia, ndoo wala jiko.

Kabla hujaenda kwa fundi, chukua chaki uchore sakafuni kila kitu unachotaka kununua, kwa kipimo chake halisi. Kisha tembea humo ndani. Ukilazimika kuruka mchoro ili ufike dirishani, kitu hicho ni kikubwa mno kwa chumba chako. Kitanda cha 4 kwa 6 kitakurudishia futi 6, na hizo ni nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa inua macho. Kuta nne zenye kimo cha futi 9 zina futi za mraba 360. Toa mlango na dirisha, zinabaki zaidi ya 300. Nafasi kubwa ya chumba chako iko ukutani, na hulala bure. Nyumba za mawe za Lamu ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa kawaida pungufu ya mita 3. Wenyewe walizitumia kuta. Walijenga zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo na vitabu, vikawa kabati na pambo kwa pamoja.

Wewe huwezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, lakini unaweza kuweka rafu. Kama ukuta ni wa tofali za udongo, msumari hautashika mzigo. Mwambie fundi akutengenezee fremu ya mbao inayosimama sakafuni, nyembamba, ndefu hadi futi 7, na uifunge isiyumbe. Vizito chini, vyepesi juu. Siku ya kuhama unahama nayo.

Kila kitu kiwe na kazi ya pili

Itazame mbuzi ya kukunia nazi. Ni kiti, ni kifaa cha kazi, na ukimaliza unaikunja na kuisimamisha pembeni. Aliyeibuni alijua jiko la mama lilivyo dogo. Nami kila ninapotaka kununua kitu najiuliza swali hilo: kisipofanya kazi yake kuu, kinafanya nini?

Kitanda: mwambie seremala ainue miguu hadi kama futi 2. Uvungu utapokea masanduku ya nguo, zana na vitu vya dukani. Weka pazia la kitambaa pembeni, na hakuna mgeni atakayejua.

Benchi: badala ya kochi, tengeneza sanduku refu lenye mfuniko wa bawaba, kimo cha inchi 17 au 18. Juu weka godoro jembamba. Mchana anakalia mteja, usiku analala mgeni, ndani yamo mablanketi.

Meza: ubao uliofungwa kwa bawaba kwenye ile fremu ya rafu. Unaushusha ukila au ukipiga hesabu, kisha unauinua.

Pipa: hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote. Pipa la plastiki la lita 200 lenye mfuniko wa kukaza linachukua kama kilo 140 za mahindi, na kimo chake ni kama sentimita 90, sawa na kaunta. Juu yake weka ubao na kitambaa, una meza ya mizani na daftari. Ndani una chakula cha familia. Pipa liwe halijawahi kubeba kemikali. Mahindi yawe makavu kabisa, na ujaze hadi juu ili hewa isibaki nyingi. Hewa ikiisha, fukusi na dumuzi nao hufa bila dawa. Usilifungue kila siku. Chota ya wiki mbili weka kwenye ndoo. Na usiweke jiko juu yake.

Kujua kama mahindi ni makavu, tia punje kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga na utikise dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Vitu visivyopaswa kukaa pamoja

Kubana nafasi kuna mpaka wake. Msimu mmoja nilimkuta mama mfanyabiashara wa karanga amelaza watoto wawili kitandani, na uvunguni kuna magunia matatu. Nikamuuliza ameweka dawa gani.

"Bado, bwana shamba. Nimenunua vile vidonge, nitaviweka jioni wakishalala."

Nikamwambia, "Mama, naomba visifunguliwe humu, leo wala kesho." Tukakaa kwenye benchi, nikamweleza ninachokueleza wewe sasa.

Vidonge vya kufukiza nafaka vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo humuua fukusi, na humuua mtu vilevile. Hakuna dawa maalumu ya kuitengua ikishaingia mwilini. Tena nyumba zetu nyingi za kupanga hazina dari: kuta zinaishia chini ya bati, kwa hiyo gesi ya chumba chako itamfikia mtoto wa jirani. Kazi hiyo hufanywa na mtu aliyefunzwa, katika ghala lisilolaliwa na mtu. Yule mama alipata kona ya ghala kwa mwenzake, wakagawana kodi. Uvungu wake sasa una masanduku ya nguo.

Jiko la mkaa nalo halilali ndani. Moshi wake unaweza kuisha na hewa ya sumu ikabaki, haina harufu wala rangi. Ukimaliza kupika, jiko litoke nje, hata kama usiku una baridi.

Dawa za shambani na bomba la kupulizia havina rafu chumbani, hata ya juu kabisa. Viwekwe nje ya chumba, kwenye kisanduku chenye kufuli.

Na kama ni lazima gunia moja au mawili yakae ndani kwa siku chache, yaweke juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Sakafu na ukuta hutoa unyevu, unyevu huleta kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Sisi wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara tunaikumbuka 2016, pale watu walipofariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Haiondoki kwa kupika, na hakuna kidonge cha kuitoa kwenye punje. Mzigo wa kuuza utafutie ghala, peke yako au na wenzako.

Uzuri wa chumba

Baada ya usalama, chumba kipendeze. Rangi nyeupe au ya maziwa hurudisha mwanga, na chumba huonekana kipana. Kioo kimoja kikubwa mkabala na dirisha kitakuongezea mwanga mwingine. Kanga mbili zikishonwa pamoja ni pazia linalotenga kitanda na upande wa wageni, na ukichoka nalo unalivaa. Mkeka unakunjwa asubuhi. Pambo moja ukutani linatosha. Kumi ni vumbi.

Usinunue vyote kwa mara moja. Mwezi wa kwanza chaki na kitanda. Baada ya mauzo, rafu na pipa. Benchi lingoje. Ila lile la vidonge na jiko lisingoje hata usiku wa leo: kabla hujalala, chungulia uvunguni mwako ujue kuna nini.

Kazi njema.