Wale Wawili wa Shaba pale Omaha

Hivi mpenzi msomaji, ukiambiwa uhame leo na mzigo usiozidi kilo 8, utabeba nini? Usiniambie "mume wangu", huyo ana miguu yake.

Swali hilo lilizuka garini. Tunaishi Des Moines, jimboni Iowa, na mume wangu ni mlezi wa vijana kwenye Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaoitwa Wamormoni. Tulikuwa tunawapeleka vijana 11 Omaha, Nebraska, mwendo wa saa mbili hivi. Mwaka 1846 waumini waliofukuzwa Nauvoo, Illinois, walilivuka jimbo hilohilo kwa magari ya ng'ombe, wakatumia miezi karibu minne.

"Bila simu, anti?" kijana mmoja akaniuliza.

Mimi si wa kanisa lao, niliolewa tu huko. Safari hii nilikuwa mpishi wa sambusa na mlinzi wa mabegi.

Winter Quarters, kambi yao ya majira ya baridi, leo ni mtaa wa Florence. Makumbusho ni bure, na humo utaikuta mikokoteni. Mwaka 1856 wahamiaji kutoka Ulaya wasio na pesa za ng'ombe walivuta mikokoteni kwa mikono hadi Utah, kila mtu mzima akiruhusiwa mzigo wa pauni 17. Misafara miwili ilichelewa, ikapita Florence mwezi Agosti. Bwana mmoja, Levi Savage, aliwaonya kwamba baridi itawakuta njiani. Hawakumsikia. Naye akafunga mzigo wake akaenda nao! Theluji iliwakuta Wyoming, wakafa zaidi ya 200. Jamani, mimi nikishindwa hoja nyumbani nanuna siku tatu.

Ng'ambo ya barabara kuna makaburi, na ubavuni mwake hekalu lililowekwa wakfu mwaka 2001. Wageni wa kanisa hatuingii, lazima uwe na kibali. Vijana waliingia na mume wangu ili wabatizwe kwa niaba ya watu waliokwisha kufa. Mimi nikabaki nje na sambusa zangu.

Katikati ya makaburi kuna sanamu ya shaba ya Avard Fairbanks, ya mwaka 1936. Mume na mke wamejifunika joho moja, upepo unawapiga, miguuni pao kaburi la kichanga. Baridi ile ya 1846 hadi 1847 iliua mamia kwa kiseyeye, homa na utapiamlo.

Mwaka jana sisi tulimzika mtoto wetu wa siku tisa. Mume wangu anaamini kwamba wanandoa wakiunganishwa hekaluni, wao na watoto wao wanabaki familia hata baada ya kifo. Kila akianza habari hiyo mimi nakimbilia jikoni. Nilidhani ananivuta kanisani. Kumbe pale, mbele ya wale wawili, nikaona labda alikuwa anamzungumzia mtoto, na mimi nilikuwa namnyima mtu wa kuongea naye.

Akatoka nywele bado mbichi. Nikamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Hivi humo ndani mnafanya nini hasa?"

Alinitazama kwanza, kisha akaanza kueleza. Vijana walizimaliza sambusa zote, na yeye alikuwa bado anaeleza.