Posho ya Wandegeya na Miwa ya Luuka

Mgeni anayekuja Makerere kutoka Tanzania hushangaa akiambiwa kwamba Wandegeya posho huuzwa kwa sahani. Kwake yeye posho ni fedha anazolipwa mtu akihudhuria mkutano au akisafiri kikazi. Kwetu Uganda ni chakula: unga wa mahindi uliosongwa, yaani ugali, pamoja na maharage. Maana ya zamani ya neno hili ilikuwa mgao wa chakula wa kila siku. Watanzania wakabaki na mgao ukawa fedha, sisi tukabaki na mahindi. Darasani tulilicheka sana neno hili. Mimi sikuacha kulifikiria, kwa sababu nyumbani kwetu wilayani Luuka, Busoga, nimeona posho ya kuliwa ikigeuka posho ya kuhesabiwa.

Mwaka 2020 Uganda ilipata sheria ya nishati mimea. Sheria hiyo inaruhusu mafuta yatokanayo na mimea yachanganywe na petroli au dizeli hadi asilimia 20. Wengi wetu hatukuisikia. Mimi niliisikia mwaka 2022, petroli ilipopita shilingi 6,000 kwa lita, na si kwa mhadhiri bali kwa dereva wa bodaboda karibu na taa za Wandegeya. Alikuwa akimweleza mwenzake kwamba serikali itachanganya petroli na pombe ya mimea ili ishuke bei. "Kama pikipiki inakubali waragi, basi ipewe," akasema, na stendi nzima ikacheka.

Hakuwa amekosea sana. Ethanoli ni pombe kali tu ambayo haikukusudiwa kunywewa. Inaweza kutengenezwa kwa muhogo, mtama, mahindi au miwa, na watu wetu wamekuwa wakigeuza ndizi na muhogo kuwa pombe tangu zamani. Kinachobadilika ni ukubwa wa kiu. Mlevi hushiba akalala. Pikipiki hailali.

Nilikaa nikapiga hesabu. Kilo moja ya mahindi hutoa takriban lita 0.4 ya ethanoli, kwa hiyo lita moja inahitaji kilo mbili na nusu hivi. Tangi la bodaboda huchukua kama lita 10. Likijazwa petroli yenye asilimia 20 ya ethanoli ya mahindi, ndani yake kuna lita 2 za ethanoli, yaani kilo 5 za mahindi. Mahindi hayo yakisagwa na kukobolewa vizuri hutoa unga wa kumlisha mwanafunzi mmoja chakula cha mchana kwa zaidi ya wiki. Dereva aliyepakia abiria kutwa nzima kati ya Wandegeya, Bwaise na mjini anaweza kulimaliza tangi hilo kwa siku mbili tatu. Sasa hesabu bodaboda za Kampala, kama unaweza.

Marekani hawapigi hesabu hizi kwa kubahatisha. Sheria zao za mwaka 2005 na 2007 ziliwataka wauza mafuta wachanganye kiasi kikubwa cha nishati mimea, na leo zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao huingia kwenye mitambo ya ethanoli. Ni kweli kwamba machicha yanayobaki hulishwa mifugo, kwa hiyo si yote yanayoungua. Lakini bei ya vyakula ilipopanda duniani mwaka 2007 na 2008, ethanoli ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Oktoba 2007 Jean Ziegler, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya chakula, aliita kugeuza mazao ya chakula kuwa mafuta uhalifu dhidi ya ubinadamu, akataka kusitishwa kwa miaka mitano. Hakukusitishwa kitu.

Uganda hatujafika huko. Kwetu ethanoli inayotajwa zaidi ni ya miwa, na hapo ndipo ninapoingia mimi.

Ukitoka Kampala kwa barabara ya Jinja unapita mashamba ya miwa ya Lugazi, kisha msitu wa Mabira. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa karibu robo ya msitu huo ilimwe miwa, watu wakaandamana Kampala, wengine wakafa, na msitu ukabaki. Ukivuka Nile na kupita Jinja unafika Kakira, na hapo miwa inaanza tena. Lakini siku hizi haiishii kwenye mashamba ya kampuni. Inakufuata Mayuge, Kaliro, Kamuli, hadi kwetu Luuka, ikigusa kuta za nyumba. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya bustani ya viazi ya mama yangu, maana hakuna aliyekuja kuichukua. Sisi wenyewe ndio tuliopanda.

Baba ana ekari nne. Tulikuwa tukilima mahindi, maharage, viazi vitamu na kahawa kidogo. Nilipoingia sekondari alipanda miwa ekari tatu, na kwa miwa hiyo nimesoma hadi chuo kikuu. Kwa hiyo nikisikia watu wa semina wakisema mkulima wa Busoga amedanganywa na miwa, nakasirika kidogo. Baba hakudanganywa. Mahindi yalikuwa yakimletea fedha za chumvi na sabuni. Miwa ilimletea ada kwa mkupuo mmoja.

Lakini miwa inakaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu. Kwetu mvua ni misimu miwili kwa mwaka, maana yake katika muda ule ule tungevuna mahindi mara tatu. Mahindi mabichi unachoma yangali shambani, makavu unasaga, mengine unauza kidogo kidogo shida ikija. Miwa inasubiri lori. Ikiiva na kibali cha kuipeleka kiwandani hakijatoka, inakauka huku unaitazama. Na majani yake yakishafunga, hata maharage hayapati jua chini yake. Jirani zetu wengine wamefanya jambo zito zaidi: wamekodisha ardhi yote kwa wakulima wakubwa kwa miaka kadhaa. Fedha zile zilipaua nyumba kwa mabati ndani ya mwezi mmoja. Miaka iliyobaki wanalala chini ya mabati mapya na kununua unga wa kupima.

Zamani mwanafunzi kutoka Busoga alirudi chuoni na gunia la viazi na karanga za mwezi mzima. Wenzetu wa Mitchell na Nkrumah walituheshimu kwa ajili hiyo. Mwaka jana mama alinipigia simu.

"Mwanangu, unga huko Wandegeya ni bei gani?"

"Mama, si huko kwenu ndiko unakotoka?"

"Ulikuwa unatoka."

Nikanunua kilo 20 sokoni Wandegeya. Mwenye duka aliniambia mahindi yake ni ya Masindi. Nikaubeba hadi stendi ya teksi, nikamlipa dereva ausafirishe mpaka kijijini.

Wanaotetea ethanoli ya miwa wana hoja nzuri, na sitaki kuiruka. Wanasema huko Kakira inatengenezwa kwa molasi, yaani masalia yanayobaki sukari ikishatolewa, na makapi ya miwa yanachomwa kuzalisha umeme. Hakuna mtu anayekula molasi sahani nzima. Hoja hii ni ya kweli ukisimama kiwandani. Ukisimama Luuka unaona kingine. Chakula chetu hakikupotelea kwenye mtambo. Kilipotea siku ekari tatu zilipopandwa. Kila mnunuzi mpya wa kitu chochote kitokanacho na muwa, iwe sukari, umeme au mafuta, anaongeza sababu ya kupanda ekari ya nne. Kwa hiyo swali la kama mafuta yametokana na nafaka au na masalia, ambalo wanasemina hulipenda, halinisaidii kujua mama atapika nini.

Mwenzangu mmoja wa kitivo cha kilimo alinipa wazo ambalo bado nalipima. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Yeye anasema mahindi ya namna hiyo, badala ya kuuzwa kwa magendo na kuliwa, yangegeuzwa ethanoli, mradi machicha yake yasipewe mifugo, maana sumu hubaki humo. Naona lina akili. Tatizo langu ni kwamba mtambo ukishajengwa hauwezi kusubiri mahindi yaharibike. Utataka mazima pia.

Tanzania nao walijaribu njia ya mmea usioliwa. Kisarawe kampuni ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kadhaa ili kulima mbono. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Mbono hauliwi, lakini ardhi ile ilikuwa ya watu wanaokula.

Sasa kwetu kuna uamuzi wa kufanywa. Miwa ya ekari ya juu imechoka. Imeshakatwa na kuchipua tena mara kadhaa, na kabla ya mvua za Machi lazima ing'olewe. Mama anataka pale pawe mahindi na viazi. Baba anataka asubiri asikie bei ya tani, maana amesikia redioni habari za mafuta ya miwa. Wiki hii wamenipigia simu wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake bila mwenzake kujua, na kila mmoja ameniuliza ada ya muhula ujao ni kiasi gani.