Harambee Haiitwi Mwezi wa Februari

Sisi tuliozaliwa Usukumani kabla ya Uhuru tulijenga shule za kanisa bila karatasi. Basumba batale, viongozi wa vijana, waliita watu wao, nao wakaja na majembe. Akina mama walibeba maji kichwani, na mwenye ng'ombe akatoa dume bila kuuliza litauzwa kwa bei gani. Kule Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, kituo walichopokea Africa Inland Mission mwaka 1909, kanisa na darasa vilikua pamoja kwa jasho la namna hiyo.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na shule nyingi za dini zikawa za Serikali. Kusudi lake nililiheshimu, na ninaliheshimu hata leo: watoto wa dini zote, na wasiosali popote, walikaa dawati moja. Lakini wazee waliotoa madume hawakuwa na daftari la kuonyesha nani alitoa nini. Milango ya shule binafsi ilipofunguliwa tena, tulianza upya kwa desturi ileile: kuta kwanza, hesabu baadaye.

Ndiyo maana huku kwetu Simiyu bado yapo maboma ya madarasa yaliyofika kwenye lenta yakaishia hapo. Waliochanga walikuwa na moyo, ila waliopanga hawakutazama msimu. Fedha ya mkoa huu ni pamba. Tunaipanda Novemba na Desemba, soko linafunguliwa Mei. Harambee ya Februari inamkuta mkulima amemaliza kulipia mahitaji ya shule ya Januari na sasa ananunua mahindi ya kula. Atatoa ahadi, kwa kuwa jina lake limetajwa kwenye kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi, halafu ataanza kumkwepa mweka hazina njiani. Na hata Julai, baada ya soko kufunguliwa, si ya kuaminiwa kila mwaka. Mwaka 2019 wanunuzi walisuasua, malipo yakachelewa, mkulima akabaki na pamba yake. Kamati yenye busara hugawa ujenzi kwa misimu miwili au mitatu.

Vijana wetu walioko Mwanza na Dar es Salaam wanachanga kwa namna nyingine. Wanatuma fedha kwa simu usiku uleule wanapoombwa, asubuhi wanadai risiti, makadirio ya fundi na picha ya msingi. Baadhi ya wazee wenzangu wanaona huo ni utovu wa adabu. Mimi nafurahi. Anayeuliza mifuko mingapi ya saruji imeingia stoo anataka shule isimame, na daftari tulilolikosa sisi yeye analo mkononi.

Jambo moja linaniumiza. Tangu 2016 shule za Serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, nasi tunamwomba muumini achangie jengo ambalo mwanawe hatasoma humo, maana kila tukiongeza bweni na maabara, ada inapanda. Vijana wangu, mnaoandika mipango hii kwenye kompyuta, anzeni na tangi la maji na vyoo vya wasichana. Ofisi ya mkuu itangoja. Kisha tengeni fungu, liandikwe kabla ya harambee kuitwa, la kumsomesha mtoto wa yule mama aliyeleta debe la mtama kwa kuwa hakuwa na fedha.